Herufi Mbili za Ukurasa wa Sita

Mtu mmoja alikuwa na dada mgonjwa, na kati ya nyumba ya dada yake na zahanati palikuwa na korongo. Mtu huyo tumwite Yonazi. Dada yake aliitwa Naetwe, na alimzidi umri kwa miaka saba. Naetwe alikuwa na kidonda mguuni, cha siku nyingi, ambacho kila baada ya siku moja kilitakiwa kusafishwa na kufungwa upya. Kutembea alikuwa hawezi. Binti yake, Nakiete, alimfunga mgongoni kwa kanga mbili kama anavyofungwa mtoto mchanga, akashuka naye korongoni, akavuka maji, akapanda naye upande wa pili, na kurudi vivyo hivyo. Mwanamke mzima amembeba mwanamke mzima. Waliokutana nao njiani walisema pole, wakawapisha.

Sasa huyu Yonazi alikuwa diwani wa kata ile, katika halmashauri ya mji mdogo. Na hakuwa diwani mbaya, nisije nikamsingizia. Ni yeye aliyelipeleka suala la korongo barazani, akaomba kivuko cha miguu, cha mbao, chenye mahali pa kushika. Wenzake wakamkubalia. Fundi akaletwa, akasimamisha nguzo mbili upande wa zahanati, kisha mvua za vuli zikamkimbiza. Katika kikao kilichofuata mtaalamu wa ujenzi alisimama akaeleza ukweli mtupu: kazi imefika nusu, mbao ziko stoo, mvua zikikatika fundi atarudi. Karani akaandika kwa mkono kama alivyosikia, "Kivuko hakijakamilika."

Sikilizeni lililotokea, maana ni dogo sana. Neno lile lilikatwa mwisho wa mstari. "Ha" ilibaki juu, ukingoni kabisa, upande wa nyuma wa karatasi, na "kijakamilika" ikaanza mstari wa chini. Karatasi ilipotobolewa ili iingie kwenye faili, tundu likala zile herufi mbili. Mchapaji alipofika hapo akakuta "kijakamilika," neno ambalo halipo katika lugha yetu. Alikuwa mama makini, mtu wa kupenda Kiswahili safi, asiyekubali neno lenye kilema litoke mikononi mwake. Akalisahihisha. Akaandika "kimekamilika." Hakuna aliyehongwa, hakuna aliyekula njama. Kivuko kilikamilika siku hiyo mezani kwake, kati ya saa nne na saa nne na nusu, akiwa anakunywa chai.

Mliowahi kuketi katika mabaraza yetu mnaijua desturi. Kikao hufunguliwa kwa sala. Kisha huthibitishwa kumbukumbu za kikao kilichopita. Kisha yatokanayo, kisha taarifa, kisha mengineyo, kisha chakula. Katika mji ule kumbukumbu zilithibitishwa hivi: mwenyekiti, Mheshimiwa Kiangi, mtu mcheshi na mwenye haraka, alitaja ukurasa, na madiwani wakajibu kwa pamoja.

"Ukurasa wa kwanza?"

"Tuendelee!"

"Wa pili?"

"Tuendelee!"

Zilikuwa kurasa kumi na nne, na Mheshimiwa Kiangi alijisifu kwamba huzimaliza kabla karani hajamaliza kugawa maji ya kunywa. Kulikuwa na diwani mmoja wa viti maalumu, Bi Tumsifu, ambaye siku moja aliwasimamisha kwa sababu jina la mtaa wake lilikosewa. Alikuwa na haki. Tangu siku ile wakamwita Mheshimiwa Nukta, hata wahudumu wa chakula walimwita hivyo, na hakuinua mkono tena.

Yonazi alikuwa amefika ukurasa wa sita kabla ya wenzake. Alikuwa anaitafuta kata yake, kama sote tunavyojitafuta kwanza katika picha ya harusi. Akaikuta. Akasoma kwamba kivuko cha korongo la zahanati kimekamilika. Akarudia kusoma. Asubuhi ile ile alikuwa amepita kwa gari barabara ya juu, akaziona zile nguzo mbili zimesimama na hakuna kinachozigusa. Kwa hiyo msiseme hakujua. Alijua kuliko mtu yeyote aliyekuwamo ukumbini.

Ilikuwa ni kuinua mkono tu na kusema, Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa pana kosa. Lakini siku ile ajenda ya tano ilikuwa uchaguzi wa makamu mwenyekiti, na jina lililokuwa likinong'onwa ni la Yonazi. Alikuwa amevaa suti iliyopigwa pasi mara mbili. Aliogopa kucheka kwao. Aliogopa kuwa Nukta wa pili saa moja kabla ya kupigiwa kura. Akajiambia, nitalisema kwenye yatokanayo, huko ndiko mahali pake. Moyo wa mtu haukosi mahali pazuri pa kuliahirishia jema.

"Ukurasa wa sita?" akauliza mwenyekiti.

Wakati huo wengi walikuwa wanageuka kupokea maji, na jibu lilichelewa kidogo. Katika ule ukimya mdogo ikasikika sauti moja tu, tena iliyo wazi. "Tuendelee." Ilikuwa sauti ya Yonazi. Mdomo ulikuwa umezoea. Wengine wakamfuata, na ukurasa ukapita.

Walipofika kwenye yatokanayo, kivuko hakikuwamo, kwa maana kilichokamilika hakina kinachotokana nacho. Akajiambia, basi nitasema kwenye mengineyo. Walipofika kwenye mengineyo, mwenyekiti akakumbusha kwamba hoja ilitakiwa iletwe kwa maandishi siku tatu kabla, na harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia madirishani. Kwa wakati huo Yonazi alikuwa makamu mwenyekiti. Alipigiwa makofi, akashikwa mkono na kila mtu. Akala. Nasikia aliomba aongezewe kachumbari.

Baada ya hapo kila kitu kilifanyika kwa utaratibu. Mbao zilitolewa stoo zikapelekwa kata nyingine isiyo na kivuko, na ilikuwa haki kabisa, kwa jinsi ilivyoandikwa. Fundi akapewa kazi ya paa la shule. Masika yakaingia, maji ya korongo yakapanda kutoka kwenye magoti ya Nakiete yakafika kiunoni, na mguu wa mama yake, uliofungwa vizuri zahanati, ukawa unafika nyumbani umelowa. Kidonda kikarudi nyuma. Nakiete akaenda ofisini kuuliza. Karani akamfungulia faili kwa heshima.

"Dada yangu, hapa kimekamilika. Na kumbukumbu zimethibitishwa."

"Na nani?"

"Si mtu mmoja. Na baraza zima."

Akaenda kwa mjomba wake mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa makamu yuko kikaoni. Yonazi alikuwa chumbani, amekaa kitandani na viatu vyake, anasikiliza sauti ya mpwa wake uani. Jioni yake alimtuma mtu ampelekee dada yake sukari kilo mbili na kanga mpya, nzito, ya kubebea.

Mtaniuliza, kwa nini hakusahihisha baadaye? Angeweza kuandika barua ya mistari mitatu. Ndugu zangu, hili ndilo linalonitesa. Siku ya kwanza kosa lilikuwa la mchapaji. Lilipopita kinywani mwa Yonazi likawa la Yonazi, na kulisahihisha kukawa ni kueleza kwamba alilisoma, akalielewa, akalipitisha. Kila siku aliyongoja iliongeza jambo la kueleza. Aibu iliyokuwa na ukubwa wa mkono ulioinuliwa ikawa na ukubwa wa nyumba, naye akaishi ndani yake.

Kikao kilichofuata Nakiete alikuja. Sheria inaruhusu mwananchi kuketi nyuma na kusikiliza, lakini hairuhusu aseme. Ilikuwa siku ya kufungwa kidonda, kwa hiyo alikuja na mama yake mgongoni, moja kwa moja kutoka korongoni, tope likiwa limempanda hadi mapajani. Hakuketi. Alisimama katikati ya njia, kati ya viti, wakati mwenyekiti akitaja ukurasa wa tatu.

Mheshimiwa Kiangi hakumfukuza. Naye pia hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza kwa upole ana shida gani, naye akasema korongo. Akajibu, "Mama, kivuko chenu kilikamilika tangu vuli. Tulikithibitisha hapa hapa, na makamu wangu anatoka huko huko kwenu." Akamgeukia Yonazi akitabasamu, na ukumbi wote ukageuka pamoja naye.

Nakiete naye akamtazama. Hakupaza sauti. "Shikamoo, mjomba," akasema. "Nisaidie kuwajibu waheshimiwa. Asubuhi hii mimi na mama tumepita wapi?"

Maji ya korongo yalikuwa yanadondoka sakafuni kutoka kwenye upindo wa kanga yake mpya, na kila mtu alikuwa anayaona. Bi Tumsifu aliweka kalamu chini. Yonazi alifungua mdomo. Uso wake ulikuwa umejaa jasho, na nadhani, kwa kitambo kifupi, alitaka kwa moyo wote kusema neno lile lenye "ha" mwanzoni. Lakini kabla hajasema, Naetwe aliinua kichwa begani kwa binti yake. Alimtazama ndugu yake, akaona namna alivyokuwa. Akaona kila kitu, mimi naamini hivyo.

"Twende, Nakiete," akasema. "Usimwaibishe mjomba wako mbele ya watu."

Binti akageuka na mzigo wake. Walitoka taratibu, maana mlango ulikuwa mwembamba na ilibidi apite kiupande ili mguu wenye bandeji usigonge. Hakuna aliyesimama kumsaidia. Mwenyekiti akakohoa, akageuza karatasi zake, akauliza walikuwa wamefika ukurasa wa ngapi.

Yonazi akamjibu. "Wa tatu, Mheshimiwa. Tuendelee."

Hapa ndipo mfano ungeishia kama ningekuwa mkweli nusu. Lakini nimewaficha mtu mmoja. Mbele ya ukumbi ule, kulia kwa mwenyekiti, palikuwa na kiti cha mtu aliyealikwa kufungua kikao kwa sala. Aliketi hapo tangu mwanzo mpaka mwisho. Wiki moja kabla alikuwa amekwenda kumwombea Naetwe nyumbani kwake. Alivua viatu, akakunja suruali, akavuka korongo lile lile kwa kushikwa mkono na Nakiete, na maji yakamfika kiunoni. Yeye si mpwa wa mtu yeyote pale, wala hakuwa akigombea umakamu. Hakuwa na cha kupoteza ila mwaliko wa kikao kijacho. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa na Biblia mapajani. Nilimsikia Nakiete akiuliza amepita wapi, na jibu nilikuwa nalo, maana nilikuwa nimepita hapo hapo. Nikaitazama saa yangu. Na kikao kilipokwisha nilisimama, nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa mazungumzo ya amani, nao wote wakaitikia amina.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikasema nilichopaswa kusema siku ile, mbele ya karani peke yake. Aliandika, safari hii katikati ya ukurasa. Nasikia mbao zinatafutwa. Lakini jana, mguu wa Naetwe ulikatwa chini ya goti katika hospitali ya wilaya, na alipozinduka aliagiza Yonazi asiambiwe kwanza, asije akaumia. Mimi nimeambiwa. Naona aibu, na sisemi hivyo ili mnihurumie. Nimesimama hapa asubuhi nzima nikitafuta namna ya kuwahubiria juu ya ukweli, na nimekosa, kwa hiyo nimewaletea hiki badala yake.

Lakini wewe uliyeketi hapo na kumlaani Yonazi moyoni tangu nilipoanza, ni nani anayebebwa mgongoni leo kwa sababu ulijua, ukaona haya kusema?