Kinyonga na Dirisha Lililofifia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Hadithi hii ina mbio, nataka masikio yaliyosimama. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa ndiyo. Hapo zamani za kale alikuwepo Bi Kinyonga, na macho yake yalikuwa kama yangu na yako: likienda moja, la pili linafuata. Mwaka huo alitaga mayai, akayafukia mchangani, akaapa hatamwonyesha mtu. Akayalinda, akayalinda, akayalinda, hadi njaa ikambana mbavu. Nzi wanono walikuwa juu ya mkwaju, na mwendo wake mnaujua: akianza kupanda asubuhi, hufika adhuhuri.

Fundi Buibui akamhurumia. Akamsukia miwani ya utando, akaipaka umande.

"Vaa hii, mama," akamwambia. "Utaona madirisha hewani, ya kuchungulia popote upendapo. Dirisha unalolitazama hung'aa, na sauti yako hupita. Usilolitazama hufifia, likawa rangi ya majivu, na sauti haipiti. Lakini shika neno langu: likififia, halijafa."

"Nimeshika, fundi," akajibu. Ameshika nini! Roho yote iko kwa nzi.

Akapanda mkwaju, akafungua madirisha mawili. La kulia likaonyesha mchanga wenye mayai. La kushoto likamwonyesha jirani yake, Nungunungu, anachoma viazi. Ee, raha iliyoje! Nzi mdomoni, umbea masikioni! Wakasengenya, wakacheka, wakasengenya tena. Kwa pembeni Kinyonga akaona dirisha la mayai limekuwa kijivu.

"Kumbe kule usiku umeingia," akajisemea. "Wanangu wamelala."

Usiku gani, na jua liko utosini? Ni yeye aliyegeuza macho!

Mara nzi akarukia upande wa kulia, macho yakamfuata, dirisha likang'aa. Lo! Kenge, mwizi wa mayai, anachimba!

"Weka chini makucha, wewe Kenge!"

Kenge akashtuka, akatazama huku na huku, asimwone mtu. Kinyonga akatazama chini. Ashuke? Atafika mayai yameshaliwa! Akamgeukia Nungunungu.

"Jirani, nisaidie! Kenge anawafukua wanangu!"

"Wako wapi?"

"Nyuma ya kichuguu, kata kulia!"

Nungunungu akatimka, na dirisha likamfuata. Lakini la mayai likafifia, na Kenge, aliposikia kimya, akachimba: kwaru, kwaru, kwaru!

Macho kulia: "Acha!" Kenge akaacha. Huku kushoto dirisha likafifia, Nungunungu hasikii kitu, akapotelea vichakani. Macho kushoto: "Si huko, jirani, rudi!" Nungunungu akarudi. Kwaru, kwaru, kwaru! Macho kulia: "Acha, nasema!" Safari hii Kenge akacheka.

"Sauti isiyo na meno," akasema, na yai la kwanza likachomoza, jeupe. Akapanua kinywa.

Hapo ndipo neno la fundi lilipomrudia Kinyonga. Akalia, "Likififia, halijafa! Likififia, halijafa! Likififia, halijafa!" Jicho la kulia akalikaza kwa wanawe. La kushoto akalivuta, akalivuta, akalivuta kwa jirani. Machozi yakamtoka. Kisha, chwa! Macho yakaachana! Madirisha yote mawili yakawaka kwa pamoja, na sauti yake ikapita kote.

"Kenge, toka! Nungunungu, hapo hapo mbele yako!"

Nungunungu akatokea kinyumenyume, miiba wima. Kenge akachomwa puani, akachomwa shingoni, akachomwa mkiani, akakimbia na miiba mwilini, bila yai hata moja. Kule juu ya mkwaju Kinyonga akacheka na kulia kwa pamoja, karibu aanguke.

Siku ya kuanguliwa, watoto wakatoka mchangani. Kila mmoja jicho moja lilimtazama mama, jicho la pili lilikagua dunia. Kinyonga akamrudishia Buibui miwani yake.

"Ahsante, fundi. Sina haja nayo tena."

Buibui akaitundika majanini. Amka mapema kesho, utaiona na umande wake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nawe unayesinzia pale pembeni, usidhani nimekusahau. Nilikuwa nimegeuza macho tu.