Godoro Chini ya Kiyoyozi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe ya juzi tu, wanawake watatu wa Pemba walitiwa hema moja kule Mina, siku ya kuamkia Arafa. Hema limejaa, jua linachoma, kiyoyozi kimoja, na chini yake godoro moja. Kila mmoja akalitaka, maana asiyepumzika leo, Arafa ataifikaje kesho? Na asiyefika Arafa akijitambua, hana hija.

Riziki akasema, "Godoro hili limebandikwa jina langu. Tena sijihijii nafsi yangu, namhijia marehemu mama. Nikianguka kesho, nimempotezea yeye."

Saumu akasema, "Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Nani kazunguka juani kumtafuta fundi, Kiarabu sijui, namwonyesha kwa vidole? Bila mie mngegombea joto."

Bi Mwanakombo, kikongwe, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii, akasema, "Wanangu, mie nimeiomba safari hii miaka thelathini. Sina mwaka mwingine."

Sasa hapo ndipo penye kazi. Wote walikuwa wamehirimia, nia ya hija wameshaitia, na aliyehirimia hatakiwi kubishana. Wakashtuka, kila mmoja akaogopa kuiharibu hija yake kwa mdomo.

Riziki akasema, "Basi lala wewe, bibi."

"Astaghfirullahi, nimnyang'anye maiti? Lala wewe."

"La, alale Saumu aliyehangaika."

"Mie nimtangulie mzee? Alale bibi."

Lala wewe, lala wewe, mpaka neno likarudi lilikoanzia. Huyu anakaa, anainuka. Yule anatoka nje, anarudi. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, godoro tupu linapulizwa baridi, wenyewe wamebanana pembeni wanatoka jasho. Roho haziwatulii, kila mmoja analitaka, na hakuna anayethubutu kusema. Jua likazama, usiku ukaisha vivyo hivyo, hawajapumzika hata mmoja.

Asubuhi Bi Mwanakombo akaanguka mlangoni pa basi. Akafikishwa Arafa kwa gari la wagonjwa, hajitambui. Watu wakasimama, wakalia, wakaomba, jua likatua, yeye hajitambui. Alipofumbua macho, Arafa imeshapita, na wale wawili wamekaa ubavuni pake. Akamshika Riziki mkono.

"Mwanangu," akauliza, "Arafa tunakwenda lini?"



Haya, nyie mnaojua sana kusema, semeni: godoro lile nani alilistahili? Na bibi yule, kati ya wale wawili, nani amjibu?