Kiganja Kimoja cha Msesewe

Paukwa! Semeni pakawa. Kwa nguvu, sikuita kuku.

Hapo kale, kule milimani, palikuwa na mti mkubwa, msesewe. Mzimu wa ukoo ulikaa ndani yake, na gome lake lilitibu homa.

Palikuwa na mjane, Nakijwa. Mwanawe akaungua homa. Nakijwa akaenda kwenye msesewe.

"Hodi, Babu! Hodi, Babu! Hodi!"

"Nani wewe?"

"Nakijwa. Mwanangu anaungua."

"Chukua kiganja kimoja cha gome. Kidonda changu ukipake udongo. Kisha uniache mpaka mvua tatu zipite."

Akachukua kiganja. Akapaka udongo. Nusu akachemsha, mtoto akapona. Nusu akaikausha, akaiweka chunguni.

Mvua mbili zikapita. Shemeji yake, Semboja, akasikia wachuuzi wanatafuta gome. Huyo Semboja kwa kuomba hakuwa na mpinzani! Akaja na jogoo, akapiga magoti, "Hodi, Babu!" Akabandua upande wa mawio. Kesho yake jogoo wa pili, "Hodi, Babu!" Akabandua upande wa machweo. Siku ya tatu jogoo wa tatu, akabandua kulizunguka shina lote. Akaacha kovu la Nakijwa tu, maana gome jembamba halina mnunuzi.

"Mjukuu wangu," mti ukasema, "umeniamkia vizuri. Sasa nasikia baridi."

Wiki haikuisha, binti yake Semboja akashikwa na homa. Na gome lote limeshauzwa! Akakimbia na kisu.

"Hodi, Babu! Hodi, Babu! Hodi!"

"Nipo," mti ukanong'ona. "Kimebaki kiganja hiki ninachopumulia. Ukikibandua, mimi basi."

Semboja akainua kisu. Mkono ukakataa. Akaketi chini, akalia.

"Usinililie, sina kanga ya kukufuta. Nenda kwa aliyechukua kidogo. Bado anacho."

Nakijwa akamtazama juu mpaka chini. "Shemeji, jogoo watatu umewapata. Udongo ndio uliokushinda?" Huku anasema, chungu ameshakifunua. Binti akapona.

Tangu hapo Semboja akawa anaupaka mti udongo kila asubuhi, bila kelele. Gome likarudi, polepole.

Basi, wajukuu, mzimu hauli jogoo. Jogoo wale waliliwa na Semboja mwenyewe, wanaume wa kule nawajua. Hodi ya mdomo, mkono nao uisikie: ukichukua, bakiza, funika kidonda, ngoja.

Hadithi yangu nimeipaka udongo. Anayetaka kuibandua tena, angoje mvua tatu.