Ufunguo wa Pikapu ya Mzee Shempemba

Sogeeni karibu, wenye masikio mepesi na wenye masikio ya kubembelezwa. Hadithi ya leo jibu lake sinalo. Nimelitafuta mwenyewe, nimelikosa, na nimechoka kulitafuta peke yangu. Kwa hiyo atakayesinzia katikati ajue kwamba mwishoni nitamwamsha nimuulize.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Tabea, wa Kwemkole, kijiji cha juu kabisa katika milima ya Usambara. Barabara ya kufika huko hupanda kutoka Mombo ikijikunja na kujikunja, mpaka abiria mgeni anaanza kuomba radhi kwa watu aliowakosea. Bi Tabea alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na chake. Eunike, wa kwanza, alikuwa na macho. Alikuwa akiona chawa kwenye blanketi jeusi. Zefania, wa pili, alikuwa na mikono. Redio iliyokwisha kufa ikifika kwake ilisema, hata kama ilisema kwa kukwaruza. Penueli, wa mwisho, alikuwa na utulivu. Akishika usukani, mgonjwa aliyelala nyuma hakujua kama wamepita kwenye shimo.

Wote watatu walifundishwa gari na baba yao, Mzee Shempemba, kwenye uwanja wa mpira, kwa pikapu moja kuukuu ya rangi ya samli. Kwemkole nzima haikuwa na gari jingine. Pikapu ile iliteremsha kabichi na mapeasi, lakini hasa iliteremsha wagonjwa. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtoto akizidiwa na homa, hodi ilikuwa kwa Shempemba. Naye alikuwa na desturi yake. Akirudi na mgonjwa aliyepona, alipiga honi ndefu kwenye kona ya mwisho, chini ya kanisa, watu wakakoleza moto na kutoka kumpokea. Akirudi na maiti, aliipita kona ile kimya. Watu wa Kwemkole walijua kuisikiliza kona hiyo kuliko walivyojua kusikiliza kengele.

Mwaka huo ugonjwa ukamgeukia mwenyewe. Penueli alimteremsha kwa pikapu hiyo hadi Mombo kwa Eunike, aliyeolewa huko, awe karibu na matibabu. Baada ya wiki kadhaa daktari alimwita Bi Tabea pembeni akamwambia, kwa sauti ya upole, "Mama, mrudisheni nyumbani, akae na watu wake." Bi Tabea aliyaelewa maneno hayo. Alikwenda nyuma ya jiko la Eunike, akalia huko, kisha akanawa uso.

Kumbe mzee naye alikuwa ameelewa. "Mama Eunike," alisema, "msinipandishe kwa gari la kukodi. Nataka niingie Kwemkole kwa pikapu yangu, nikiwa hai, niuone moshi wa jiko letu." Akavua kamba aliyoivaa shingoni, yenye ufunguo, akaiweka kiganjani mwa mkewe mbele ya Eunike na Penueli. "Na mwambieni Zefania pia. Atakayenifikisha nyumbani nikiwa hai, ufunguo huu ni wake."

Tatizo ni kwamba pikapu nayo ilikuwa mgonjwa. Oili ya stelingi ilivuja, ile oili nyekundu inayoufanya usukani uwe mwepesi. Ilikuwa imevuja miaka, na kila aliyemwambia mzee kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, alijibiwa, "Limezeeka, linakojoa. Hata mimi siku hizi naamka usiku." Chini ya kiti kulikuwa na chupa ya oili, akitaka kusafiri huongeza, akifika huongeza tena. Familia nzima ilizoea hivyo. Kuongeza kulikuwa kama kuvaa viatu.

Basi Penueli alifanya kama alivyoona miaka yote. Asubuhi alifunga mpira wa oili uliolowa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, akakaza, akajaza oili, akampakia baba yake mbele na mama yake kando, wakaondoka. Tyubu na oili ni maadui. Hawajafika mbali katika kupanda, utepe ulikuwa umeteleza kama utumbo, pampu ya stelingi ikaanza kulia, na usukani ukawa mzito. Kwenye kona kali Penueli aliuvuta kwa mikono yote miwili, na tairi la mbele likapita kwenye ukingo ambao chini yake ni miti tu.

"Geuza," mzee alisema, akiwa amefumba macho. "Geuza, mwanangu. Siyo hivi."

Walirudi Mombo polepole, na asubuhi ile ilikuwa imepotea. Bi Tabea aliuona uso wa mumewe ulivyobadilika kwa safari hiyo ya bure, akamchukia kidogo mwanawe wa mwisho, kisha akaona aibu kwa kumchukia.

Eunike alitandika mkeka chini ya gari lililosimama uani kwake, akaingia na ndoo ya maji ya sabuni na matambara yaliyolowa mafuta ya taa, akasugua uchafu wa miaka mpaka chuma kikang'aa. Akafuta, akasubiri pakauke. Jirani alimwambia kuwa pampu ndiyo imekufa, mwingine akasema ni kifaa chote cha stelingi cha kutupwa. Eunike akaenda jikoni, akarudi na ungo wa unga wa muhogo, akaunyunyiza kila mahali oili ilipowahi kupita. "Penueli, washa. Zungusha usukani taratibu." Yeye akalala chini ya gari, macho kwenye unga. Kila mahali palibaki peupe. Kisha, kwenye kiungo ambapo mpira wa kurudisha oili huvaa bomba la chuma, ikatokea nukta nyekundu ndogo, ikapanuka ndani ya weupe ule.

"Nimekuona," alisema Eunike. Mama yake alimsikia akilia kule chini, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwona.

Adhuhuri Zefania, aliyekuwa amepelekewa habari, akashuka kwenye basi kutoka Dodoma. Hapo niwaambie jambo. Zefania alikuwa hajakanyaga kwao miaka mingi. Siku aliyohitimu ufundi alimwambia baba yake aiuze pikapu ile kama chuma chakavu. Mzee akamwambia basi atoke yeye, kama anapenda vipya. Akatoka. Salamu zilipitia kwa mama. Na sasa alisimama uani, begi begani, akimtazama baba yake aliyekuwa amekonda kwenye kiti cha kamba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja na spana?"

"Nimekuja nazo."

"Haya."

Zefania aliingia chini ya gari, akauvua ule mpira, akaupapasa kwa kidole. Mpira ulikuwa umepasuka, sawa, lakini hakuridhika. Akalipapasa bomba la chuma pia. Ncha yake ilikuwa imeliwa na kutu ikawa na makali, nayo ndiyo iliyokuwa ikiukata mpira siku zote. Ukifunga mpira mpya hapo, nao utakatwa. Akaisugua ncha ile kwa tupa, polepole, mpaka ikawa laini kama ukingo wa kikombe. Akatuma dukani ukaletwa mpira mnene wa oili, siyo wa maji, akauvika, akaubana kwa klipu mbili mpya.

Ilibaki kutoa hewa iliyoingia ndani, maana stelingi yenye hewa hulia na kukataa kazi. Wakaipandisha pikapu kwa jeki, wakaikingia magogo, tairi za mbele zikaning'inia. Lazima mtu azungushe usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, huku mwingine akitazama mapovu kwenye kopo la oili. Penueli alifungua mlango ili apande.

"Mimi," mzee alisema.

"Baba, utachoka," Eunike alimwambia.

"Nimekwisha kuchoka. Nipandisheni."

Wakampandisha bila kubisha zaidi. Tairi zikiwa hewani usukani hauhitaji nguvu nyingi, na nguvu nyingi hakuwa nazo. Zefania aliinama juu ya injini, na Bi Tabea, aliyekuwa amesimama dirishani, akawasikia wakizungumza kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule.

"Kushoto, Baba."

Usukani ukazunguka.

"Kulia, Baba. Taratibu. Hapo. Rudisha kushoto."

"Mapovu?"

"Bado yapo. Kulia tena."

"Nazungusha vizuri?"

"Unazungusha vizuri, Baba."

Waliendelea hivyo hata mapovu yalipokwisha. Bi Tabea aliona kwamba kopo lilikuwa limetulia kitambo, oili nyekundu shwari kabisa, na Zefania bado anaita kushoto, kulia, machozi yakidondoka kwenye betri. Hakuwakatiza. Walipowasha injini, gari halikulia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Penueli aliposhika njia. Eunike na Zefania walikaa nyuma; mbele walikaa mzee katikati na Bi Tabea dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani na barabara ilikuwa na utelezi. Upande mmoja wa mzee ulikuwa umeanza kupoa. Penueli aliihisi pumzi ya baba yake ikikatika na kurudi begani kwake, na hakuharakisha. Angekwenda mbio, mtikisiko ungemmaliza. Angekwenda taratibu mno, muda ungemmaliza. Akaupata mwendo wa katikati, akaushika, kona baada ya kona, akimwambia jina la kila kona kama baba yake alivyomfundisha. "Hapa ni kwa mwashi, Baba. Hapa ni kwenye mporomoko. Sasa tunaliona kanisa."

Kwenye kona ya mwisho mzee alifumbua macho. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaulaza juu ya honi, akaibonyeza kwa uzito wa mkono tu. Honi ikalia, ndefu. Kwemkole nzima ikasikia.

Watu wakakoleza moto. Wanawake wakatoka na uji, watoto wakakimbilia njiani, wakipiga kelele kuwa Mzee Shempemba amerudi mzima. Pikapu ikapita katikati yao, ikaingia uani, ikasimama mbele ya mlango. Moshi ulikuwa ukipanda juu ya jiko. Bi Tabea aligeuka amwonyeshe. Mkono wa mumewe ulikuwa bado uko karibu na honi, na yeye hakuwepo tena.

Kama alikata roho kabla ya lango la uani au baada yake, hakuna ajuaye. Bi Tabea alikuwa akitazama moshi. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo.

Walimzika. Siku ya kuanua tanga ilipofika na wageni kupungua, watoto watatu walikaa mbele ya mama yao, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Eunike alisema, "Mama, gari ninalo la mume wangu. Nataka tu isemwe kuwa ni mimi. Bila mimi wangebadilisha pampu, na baba angefia uani kwangu."

Zefania alisema, "Hawa wana miaka yao na baba. Mimi nina kushoto na kulia tu. Usiponipa ufunguo nitabaki na nini?"

Penueli alisema, "Asubuhi ile niliipoteza mimi, nalijua. Lakini nimekaa naye siku zote, na pumzi yake ya mwisho iliishia begani kwangu. Nayo hiyo si kitu?"

Bi Tabea aliwapenda wote, na aliwaogopa. Figa moja haliinjiki chungu, hilo alilijua. Lakini mafiga ni matatu na ufunguo ni mmoja. Alitaka kusema ngojeni, tutaona. Alikumbuka pia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi. Poleni na msiba." Alikuwa kijana wa bonde la pili, kofia mkononi, anatweta. "Mke wangu ameshikwa tangu alfajiri na mtoto hatoki. Samahanini, sikujua niende kwa nani. Ufunguo wa gari anao nani sasa?"

Msiniambie aende aliye karibu na mlango. Wote watatu wanajua kuendesha, na wote watatu walikuwa wamekwisha simama. Msiniambie waende wote, kwa maana nyuma atalala mgonjwa. Na Bi Tabea alijua kwamba atakayetoka na ufunguo ule jioni hiyo ndiye atakayebishiwa hodi maisha yake yote, ndiye ambaye kona ya mwisho itasikilizwa kwa ajili yake, na wengine wawili watakuwa wageni katika nyumba ya baba yao. Kijana alisubiri. Mama alifungua fundo la kanga, na mikono mitatu ikanyooshwa: wa aliyeona, wa aliyetengeneza, na wa aliyefikisha, kama kweli alifikisha.

Mimi naishia hapo, na mwanamke wa watu anasubiri gari. Wewe uliyesinzia, amka. Ungekuwa ndiwe Bi Tabea, ungeuweka ufunguo katika mkono upi?