Mwanatumu na Zimwi Lililomeza Unga Mbichi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiko, pakawa moto, pakawa mwiko mkononi. Mwenye sikio alisogeze, mwenye usingizi ampishe mwenzake.

Hapo kale, katika kijiji kimoja kando ya mto, aliishi mwanamke akiitwa Mwanatumu. Kazi yake kupika mikate ya kumimina, ile ya mchele na tui la nazi, inayowekewa makaa chini na makaa juu. Kukiwa na arusi, huitwa Mwanatumu. Kukiwa na hitima, huitwa Mwanatumu. Mtoto akizaliwa, huitwa Mwanatumu. Akazoeleka kama maji ya kisima, kila mtu anachota na hakuna anayeuliza.

Siku moja kijiji kizima kilivuka mto kwenda kumchukua bibi arusi. Mume wake naye alikwenda. Mwanatumu akabaki na mikate, na mwanawe Kibibi, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Kibanda chake cha kupikia kilikuwa cha udongo, chenye mlango mmoja mwembamba. Mtoto alilala pembeni juu ya mkeka. Mama alikuwa amekwisha saga mchele, akautia tui, sukari na iliki, jungu zima. Akawa anakoroga hamira.

Mlango ukaingia giza, na jua lingali la mchana.

Mwajua ni nani? Zimwi. Liliinama, likajipenyeza, likakaa chini, mgongo wake ukaziba mlango wote. Likasema limetembea siku nyingi bila kula, na kwamba litaanza na yule mdogo.

Mwanatumu akautazama mlango. Kupiga kelele, nani amsikie? Kukimbia, apite wapi? Basi akafanya jambo ambalo mikono yake ililijua. Akaendelea kukoroga.

"Bwana mkubwa," akasema, "kitoweo hicho utakila kikavu, bila mkate?"

Zimwi likafikiri. Likauliza mkate uko wapi. Mwanatumu akalionyesha jungu, akaeleza kwamba unga lazima uumuke kwanza ndipo upikwe.

Likangoja kidogo. "Tayari?"

"Bado."

Likangoja kidogo tena. Mate yakalidondoka mpaka mavumbini. "Tayari?"

"Bado."

Kibibi akajigeuza mkekani, akakohoa. Zimwi likageuza kichwa kumtazama. Hapo ndipo Mwanatumu alipomkumbuka mbuzi wa shangazi yake, aliyeiba unga wa maandazi uliotiwa hamira, akavimba mpaka akashindwa kusimama. Zimwi likiwa limeangalia pembeni, Mwanatumu akamimina junguni hamira yote iliyobaki. Akalisogeza jungu karibu na magoti ya mgeni wake.

"Nakuomba usiuonje," akasema. "Huu ni wa arusi. Huo utamu wake si wa mtu wa njiani."

"Tayari?" likauliza mara ya tatu.

"Bado."

Zimwi likachoka na bado. Likainua jungu kwa mikono miwili, likanywa gudu, gudu, gudu, mpaka likalamba kuta zake. Mwanatumu akajifanya kusikitika. Akalipa maji ya uvuguvugu literemshie, akachochea moto, akalishauri lijisogeze lipate joto.

Haikuchukua muda. Tumbo la zimwi likatoa sauti kama chungu kinachoanza kuchemka, likaanza kupanda. Likapanda mpaka kifuani. Likapanda mpaka kidevuni.

"Mama," zimwi likasema kwa sauti ndogo, "hiki ninachokisikia ni nini?"

"Ni shibe," akajibu Mwanatumu. "Hukuwahi kushiba?"

Likatikisa kichwa. Hata Mwanatumu, kwa hofu aliyokuwa nayo, alilionea huruma kidogo.

Lakini sikilizeni. Mwanatumu alikuwa amesahau kitu kimoja. Mlango ulikuwa nyuma ya zimwi, na zimwi lilikuwa linaumuka. Tumbo likafika mafigani, likasukuma kuni. Likafika mkekani. Mwanatumu akamnyakua mtoto, akabanwa naye ukutani, pumzi ikawa nusu nusu. Akapapasa, mkono ukagusa mchi. Akamfunga Kibibi kifuani kwa kanga, akageukia ukuta, akatwanga. Udongo haukuvunjika. Akatwanga. Ufito mmoja ukakatika. Akatwanga kwa nguvu zake zote, na mwanga ukaingia.

Akamfungua mtoto, akampitisha kwanza. Akafuata yeye, kichwa, mabega, kiuno. Zimwi likamshika kisigino, lakini vidole vilikuwa vimevimba, havikufumba. Mwanatumu akauvuta mguu wake, akamwokota mwanawe, akakimbia hadi mtoni.

Nyuma yake kibanda kilipasuka, na zimwi likapasuka nacho.

Watu walipovuka na bibi arusi, walimkuta amekaa mchangani, kichwa cheupe kwa vumbi, amemkumbatia mtoto mpaka mtoto analalamika. Wakamwuliza kumetokea nini. Akawaeleza, mwanzo hadi mwisho, sauti haipandi wala haishuki. Kisha mmoja wao, bila ubaya, akauliza sasa mikate ya wageni itapikwa na nani.

Bibi arusi alikuwa akiitwa Mwanahamisi. Alivua bangili zake moja moja, akazitia mkononi mwa bwana arusi. Akaomba mafiga, akawasha moto palepale ufukweni, akapika uji mbele ya wakwe zake wote, hina ingali mbichi mikononi. Akaja akapiga magoti mbele ya Mwanatumu.

"Dada," akasema, "wewe anakupikia nani?"

Mwanatumu akapokea bakuli. Akanywa funda la kwanza, na ndipo akalia.

Hadithi imeiva, nimeipakua. Palipo patamu paleni nyinyi, palipoungua nikwangulieni mimi.