Kanga Aliyeomba Msibani

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba, na kunde zangu hata hazijaiva. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Mbaruku, usichokonoe moto.

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege walipokuwa wakisemezana, palikuwa na Kanga.

"Kanga ya kuvaa, Bibi?"

We Kibibi! Kanga ya kuvaa ina miguu? Kanga ndege, mwenye madoadoa. Moto wa nyika ulikuwa umepita, ukaacha vifaranga saba hawana baba wala mama. Kanga akawaokota wote saba. Hakuzaa hata mmoja, lakini aliwaweka wote chini ya mbawa zake. Mimi nampenda Kanga kwa hilo. Mnikumbushe nitakapoanza kumsema.

Vifaranga wakalia njaa. Kanga akachukua kapu, mbio mpaka kwa Panya Buku, akaimba:

*Jirani, jirani, fungua mlango,*
*wana wanalia, si wa tumbo langu,*
*tia kapuni, tia kapuni!*

Panya Buku alikuwa mzee mpole, hana mke wala mtoto. Akamimina mtama mpaka kapu likajaa. Akauliza, "Wanaweza kumeza punje nzima, mwanangu, au niwatwangie?"

"Asante jirani, Mungu akuzidishie!" Kanga huyo, keshafika njiani.

Panya Buku akabaki mlangoni na kinu chake. Siku ya kwanza akangoja habari za wale watoto. Siku ya pili akangoja. Siku ya tatu?

"Akangoja!"

Akangoja, na Kanga hakupita.

Ikaja masika. Mvua usiku, mvua mchana. Vifaranga wakatetemeka kwa baridi. Kanga akachukua kapu, mbio mpaka kwa Kondoo. Siku hiyo uani kwa Kondoo kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka wamekaa majirani, kimya. Mtoto wa pekee wa Kondoo alikuwa amezikwa jana yake. Kanga hakukaa mkekani. Hakutoa pole. Alisimama mlangoni na kapu lake, akaimba:

*Jirani, jirani, fungua mlango,*
*wana wanalia, si wa tumbo langu,*
*tia kapuni, tia kapuni!*

"Bibi! Msibani?"

Msibani, mwanangu. Wala hakuwa na roho mbaya. Aliwaza vifaranga wake tu, na mwenye haraka haoni kando. Kondoo akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na sufu laini aliyokuwa amemwekea mtoto wake ya kulalia. Akaitia kapuni.

"Asante jirani, Mungu akuzidishie!"

"Amzidishie nini, Bibi? Msiba?"

Umeona, Chausiku? Wewe una miaka sita na umeona.

Basi, siku zikapita. Kifaranga mdogo kuliko wote, jina lake Kidoa, akashikwa na homa. Akalazwa kwenye sufu, bado anatetemeka. Akafunikwa na mbawa, bado anatetemeka. Kanga akachukua kapu, mbio kwa Panya Buku. Akaimba wimbo wake. Mlango haukufunguliwa. Akaimba tena, sauti inakatika.

Panya Buku akasema kwa ndani, "Mtama wangu ulikwenda, mwanangu, na mpaka leo sijui kama waliweza kuumeza. Sikutaka unilipe. Nilitaka kujua wanaendeleaje. Kapu lako nalijua, wewe sikujui. Na Kondoo ulimwimbia msibani. Sote tulisikia."

Kanga akaacha kuimba. Msiba? Ndipo akaukumbuka mkeka. Akaona aibu, aibu ya kutaka kuingia ardhini.

Akaenda kwa Kondoo. Mara hii kapu aliliacha nje ya ua. Akamkuta Kondoo peke yake mkekani, wengine wamekwisha rudi makwao. Kanga akaketi kando yake.

"Pole, mama. Nilikuja hapa nikaona sufu, msiba sikuuona. Nisamehe."

Kondoo akainamisha kichwa.

"Mwanao aliitwa nani?"

Kondoo akainua kichwa. "Faraji," akasema. Akaanza kueleza jinsi Faraji alivyopenda kuruka madimbwi, na jinsi alivyoogopa radi. Wakalia pamoja. Nyumbani Kidoa anatetemeka, na Kanga anajua, lakini hakuomba kitu.

Kondoo ndiye aliyeuliza. "Na wako, hawajambo?"

"Mdogo ana homa."

"Mbona husemi?"

"Leo nimekuja kwako, mama. Sikuja kuomba."

Kondoo akasimama, akajikung'uta. "Nipeleke."

Alipoinama kuingia kiotani kwa Kanga, aliona sufu ya Faraji imetandikwa vizuri, na juu yake vifaranga sita wamelala fofofo, midomo wazi. Machozi yakamtoka tena. Akajilaza, akamvuta Kidoa tumboni kwake, penye joto, akamkumbatia mpaka kulipokucha. Asubuhi Kidoa akafungua jicho moja. Akasema, "Nina njaa."

"Amepona!"

Amepona. Siku hiyohiyo Kanga akawapanga wote saba, akawapeleka kwa Panya Buku. "Babu, hawa ndio waliokula mtama wako. Huyu alimeza punje nzima. Huyu ilimkwama kidogo." Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo Kanga akawa anapita kwa majirani bila kapu, kuamkia tu. Kiangazi kilipofika, kabla hajaimba, alikuta mtama mlangoni pake, umetwangwa tayari.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi, wanangu, mtu akikupa moyo wake, usimsahau mpaka utakapopata shida nyingine. Rudi umwone. Mwambie kwamba alichokupa kimemfaa mtoto.

Na yule Kondoo, tangu amzike mwanawe, majirani walikuwa wanaogopa kumwita kwa jina la mwanawe. Siku moja akasikia uani kwake sauti saba ndogo, hazina wimbo wala kapu:

"Hodi, Mama Faraji! Tumekuja kukuamkia!"

Akatoka mbio. Hapo ndipo ilipoishia hadithi yangu.