Kifungua Kinywa cha Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika, wakiazimana chumvi na kununiana kama sisi, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kinyevu. Kijiji hicho kilikuwa na chemchemi moja tu. Moja! Mkubwa na mdogo, wote walikunywa hapo hapo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Tembo. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia bure. Moyo wake ulikuwa mzuri. Ila masikio yake, pamoja na ukubwa wote ule, yalisikia sauti kubwa tu. Na wenye sauti kubwa walikuwa wawili, Kiboko na Nyati.

Vikao vya Kinyevu vilikwenda hivi: Tembo anasema. Kiboko anaunga mkono. Nyati anaunga mkono. Kisha Tembo anauliza, "Kuna anayepinga? Moja, mbili, tatu!" Halafu anapiga mguu chini, puu! "Asiyesema amekubali. Imepita!"

Sasa niambieni, nani angewahi kusema ndani ya moja, mbili, tatu? Kobe alikuwa hata kichwa hajakitoa.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Chemchemi ikapungua, ikapungua, ikawa ndogo kama sinia la pilau. Kila asubuhi pale chemchemini ilikuwa ni kusukumana tu. "Nipishe!" "Nilianza mimi!" "Aa, mkia wangu huo!"

Tembo akaitisha kikao.

"Ndugu zangu," akasema, "maji hayatoshi. Dawa yake ni kuchimba. Mimi nitachimba kwa pembe zangu na Nyati kwa zake. Tutaifanya chemchemi hii iwe shimo kubwa la kunifika begani. Maji yatakuwa tele!"

"Naunga mkono!" akanguruma Kiboko. "Na mimi nitapata pa kulala."

"Naunga mkono!" akafoka Nyati.

Nyuma kabisa alikaa Bi Fuko. Fuko mnamjua, yule mdogo anayechimba njia zake chini ya ardhi. Macho yake hayaoni vizuri, na sauti yake ni kama jani kavu likiburutwa na upepo.

"Samahani," akasema Bi Fuko. "Msichimbe hapo. Chini pana..."

"Kuna anayepinga?" akauliza Tembo. "Moja!"

Jirani yake Bi Fuko alikuwa Nguchiro. Huyo ni mwembamba, mwepesi, na mdomo wake haupumziki. Akaruka juu. "Mzee! Mzee Tembo! Bi Fuko anasema!"

"Mbili!"

"Mzee, nakuomba, hebu msikilize!"

"Tatu!" Puu! "Imepita. Kesho asubuhi tukutane hapa tugawane kazi, na hapo hapo tuanze kuchimba."

Kikao kikavunjika. Nguchiro akamshika mkono Bi Fuko, wakarudi nyumbani pole pole.

"Ulitaka kusema nini, jirani?"

"Chini ya chemchemi pana mwamba," akajibu Bi Fuko. "Umekaa kama bakuli. Huo ndio unaoshika maji. Chini ya mwamba ni mchanga mtupu, mkavu. Mimi napita huko kila siku, nimeugusa kwa mikono yangu. Ni mwembamba, Nguchiro. Wakiupasua kwa pembe, maji yote yatashuka mchangani, chwaa! Hatutayaona tena."

"Na hujawahi kuwaambia?"

"Vikao vitatu nimejaribu kusema, tangu maji yaanze kupungua." Bi Fuko akajifuta pua. "Labda mimi si mtu wa kusema mbele za watu."

Nguchiro aliumia moyo. Akaenda mbio mpaka kwa Tembo. Akawakuta wazee wote watatu wanakula, na mazungumzo yao yanatikisa ukuta.

"Hodi! Mzee, chini ya chemchemi pana..."

"Eti anataka nini?" akauliza Tembo.

"Nadhani chumvi," akasema Nyati.

"Basi mpeni chumvi!"

Nguchiro akatoka na chumvi mkononi. Alasiri ile alikaa mlangoni kwake, akaiangalia ile chumvi, akaangalia na chemchemi kule chini. Halafu macho yake yakaenda nyuma ya jiko, kwenye mfenesi wake.

Wanangu, fenesi mnalijua. Mama akitaka kulipasua, kwanza hujipaka mafuta mikononi. Kwa nini? Kwa sababu ya utomvu! Ukikugusa ukakauka, vidole vinagandana kama vimeshonwa.

Nguchiro akachuma mafenesi matatu makubwa. Hakuchagua yaliyoiva sana. Alichagua yale ambayo, ukiyachubua kidogo tu, utomvu unachuruzika mweupe kama maziwa.

Asubuhi akayabingirisha mpaka kikaoni, bingiri-bingiri-bingiri.

"Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba, Nguchiro. Ni nini hicho?"

"Kazi ya leo ni nzito, wazee. Nimewaletea kifungua kinywa."

Kiboko hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Akapanua mdomo wake ule, aaaah, akatupia fenesi zima na maganda yake. Kwacha, kwacha, kwacha! Nyati naye, kwacha! Tembo alikula taratibu kama mwenyekiti, lakini hakubakiza hata kokwa.

"Na sisi je?" akauliza Kobe.

"Yamekwisha, ndugu yangu," akasema Nguchiro, akamkonyeza.

Tembo akasimama kufungua kikao. Akavuta pumzi.

"Mmmh!"

Watu wakatazamana.

"Mmmmmh!" Tembo akajaribu tena. Midomo yake imeshikana. Akamgeukia Kiboko. "Mmh?" Kiboko akatoa macho. "Mmh! Mmh!" Nyati alikuwa anajisugua mdomo kwenye jiwe, kwaru, kwaru, bila mafanikio.

Nguchiro akaruka juu ya kisiki. "Mwenyekiti amefungua kikao! Leo wazee wetu wako kimya, wanatusikiliza. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Hawakuzoea, masikini. Kila mmoja alitazama miguu yake.

Mwishowe Mama Chura akajisogeza mbele.

"Mimi sikuja kugombana," akasema. "Lakini mwezi uliopita, katika kule kusukumana asubuhi, wanangu wawili walikanyagwa wakafa pale kwenye tope. Ni Bwana Kiboko. Najua hakuwaona. Nilipiga kelele, lakini kelele zangu ndizo hizi hizi mnazozisikia. Nilitaka kusema kikao kilichopita, hesabu ikafika tatu kabla sijasimama."

Kiboko alikuwa bado anavuta midomo yake kwa nguvu. Akaacha. Akashusha mikono.

Kobe naye akasema. Alisema taratibu sana, na safari hii hakuna aliyemkata. Alitaka kuwe na zamu, wadogo wanywe kwanza alfajiri, kisha wakubwa.

Halafu Nguchiro akamsogeza mbele Bi Fuko. Kikao kizima kikainama ili kumsikia. Bi Fuko akaeleza habari ya mwamba, na mchanga, na maji yatakavyopotea. Akaeleza pia kwamba hatua chache kutoka chemchemini, kwenye mteremko, pana udongo wa mfinyanzi, na hapo panafaa kujengwa birika. Maji yanayochuruzika usiku kucha, wakati hakuna anayekunywa, yangeingia humo, wakubwa wakanywa huko bila kumkanyaga mtu.

"Haya!" akasema Nguchiro, kifua mbele. "Mmesikia maneno ya Bi Fuko. Kuna anayepinga? Moja!"

"Mmmmh!" Tembo akatikisa kichwa. Masikio yakapiga pa! pa!

"Mbili!"

"Mmmh! Mmmmh!"

"Tatu! Asiyesema amekubali!" Nguchiro akapiga mguu wake chini, ti! "Imepita!"

Wadogo wakashangilia. Walicheka mpaka wengine wakaanguka. Lakini Bi Fuko hakucheka.

"Nguchiro," akaita. "Umewafanya nini wale?"

"Utomvu tu, jirani. Utatoka wenyewe baada ya siku mbili."

"Wapake mafuta."

"Sasa hivi? Jamani, Bi Fuko! Si tumeshinda?"

"Vikao vitatu nimehesabiwa kwamba nimekubali, na mimi sikukubali," akasema Bi Fuko. "Najua inavyouma. Wapake mafuta waseme."

Kicheko kikaisha pale pale. Nguchiro alitaka kubisha, na kubisha anajua, lakini akashuka kisikini. Akaenda mbio nyumbani kwake, akarudi na kibuyu cha mafuta ya nazi. Akapanda kwenye mkonga wa Tembo, akaanza kumsugua midomo. Akamfuata Nyati, kisha Kiboko.

Midomo ya Tembo ikaachana, pwaa!

"NGUCHIROOO!" Ndege wote wakaruka mitini. "Ulisema umetuletea kifungua kinywa!"

"Kimefungua vinywa, mzee," akajibu Nguchiro huku anarudi nyuma. "Ila si vyenu."

Tembo akainua mguu. Mguu ule ungeshuka, hadithi ingeishia hapo na nguchiro mmoja angekuwa bapa kama chapati.

"Ngoja kwanza," akasema Kiboko.

Alimpita Tembo, akaenda mpaka alipokaa Mama Chura, akajilaza chini mpaka kidevu chake kikagusa vumbi.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Wale watoto walikuwa wanaitwa nani?"

"Mmoja aliitwa Tuti," akajibu Mama Chura. "Mwingine tulikuwa bado hatujampa jina."

 Machozi yakamtoka Kiboko, na machozi ya kiboko si madogo. Mama Chura akamwekea mkono juu ya pua, wakakaa hivyo.

Tembo aliwatazama. Akaushusha mguu wake pole pole, pembeni.

"Fuko," akasema, "nionyeshe huo mwamba."

Bi Fuko akampeleka kwenye tundu la njia yake. Tembo akapiga magoti, akaingiza mkonga wote ndani. Akapapasa. Kwanza aligusa mchanga mkavu. Kisha juu yake akagusa jiwe la baridi, lina unyevu. Akaligonga kidogo kwa ncha ya mkonga, ko, ko, na juu ya jiwe akasikia maji yakicheza.

Alipoutoa mkonga, alikaa chini kama mtu aliyechoka sana.

"Ni mwembamba kama chungu," akasema. "Ningeupasua leo. Mimi mwenyewe, kwa pembe hizi. Na nyote mngekufa kwa kiu mkisema mwenyekiti alichapa kazi." Akamtazama Nguchiro. "Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikuja jana, mzee. Ukanipa chumvi."

Tembo akafumba macho. "Kweli," akasema. "Nilikupa chumvi."

Basi wakakaa upya. Safari hii walikaa mviringo, na hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu. Wakaanza na mwenye sauti ndogo kabisa, wakapanda juu. Walibishana mpaka adhuhuri! Nyati akapinga habari ya birika, na kumbe alikuwa na sababu nzuri. "Mkilijenga palipo wazi, jua litalikausha," akasema. "Tulijenge pembeni kwenye kivuli cha jabali kubwa. Mawe nitayasukuma mimi." Hilo Bi Fuko hakuwa amelifikiria, maana chini ya ardhi hakuna jua. Zamu za Kobe zikakubaliwa. Kiboko akaomba awe analinda pale kwenye tope kila alfajiri, watoto wa chura wakivuka. Mama Chura alifikiri kwa muda mrefu, na wote wakamngoja. Kisha akasema, "Haya. Linda."

Birika likajengwa kwa siku nne. Chemchemi haikukauka mpaka mvua iliporudi.

Lakini kabla kikao hicho hakijavunjika, Tembo alikohoa. "Bado jambo moja. Huyu aliyetugandisha midomo tumfanye nini?"

Nguchiro akajikunyata. Wengine wakasema apigwe, wengine wakasema asamehewe, maana ameokoa kijiji. Wakamwuliza Bi Fuko.

"Alinitetea, nami namshukuru," akasema Bi Fuko. "Lakini kumziba mtu mdomo ni vibaya, hata mtu huyo akiwa mkubwa. Kikao kijacho aje, akae mbele, asikilize mwanzo mpaka mwisho. Asiseme hata neno moja."

"Hata moja!" akasema Nyati.

"Hata moja!" wakasema wote.

Jamani! Kwa mdomo kama ule? Nguchiro akaona heri angepigwa. Akafungua kinywa apinge. Kikao kizima kikamgeukia, kikamngoja, kimya kabisa, tayari kumsikiliza.

Nguchiro akawatazama mmoja mmoja.

"Nimekubali," akasema.

Basi wanangu, jambo la wote huamuliwa wote wakishasikilizwa, hata yule mwenye sauti ya chini. Mimi nimesema vya kutosha. Sasa semeni nyinyi, nami nitasikiliza.